Kikohozi cha Mpishi

Asubuhi ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, huanza na moshi wa malori. Kabla jua halijapanda, madereva waliolala ndani ya malori yao hushuka wamejitanda mashuka, huosha uso kwa maji ya chupa na kutafuta chai kwa akina mama wanaopita na birika. Katikati ya magurudumu yale makubwa hupita watoto wa shule, mmoja mmoja na wawili wawili, mabegi mgongoni. Wako wanaotoka Uganda kuja kusoma Kenya, na wako wa Kenya wanaovuka kwenda kusoma Uganda. Bendera ni mbili, lakini vumbi ni lile lile na mafua ni yale yale.

Nimeishi kando ya barabara itokayo Malaba kwenda Busia kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimefundisha huku, na baada ya kustaafu nikaingia katika bodi ya shule moja ya msingi ambayo sitaitaja jina. Nilikuwa mweka hazina. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitakayosimulia yananihusu, na sahihi iliyo kwenye daftari la malipo ni yangu.

Tunapozungumza juu ya afya ya wanafunzi na wafanyakazi wa shule wakati wa maradhi ya mlipuko, mazungumzo huanza na vitu, na mara nyingi huishia hapo hapo: maji, sabuni, barakoa, madirisha yaliyo wazi, madawati yaliyotenganishwa. Vitu hivyo ni vya lazima na sivibezi. Ila miaka hii ya corona, kisha Ebola iliyopiga hodi jirani, kisha mpox, imeniachia swali ambalo halinunuliwi dukani. Shuleni kwetu, mtu akiugua, kusema ukweli kunamgharimu nini?

Shule zilipofunguliwa kwa watoto wote tarehe 4 Januari 2021, sisi tulikuwa tumejiandaa kadiri ya uwezo wetu. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walikuwa wametangulia kurudi tarehe 12 Oktoba 2020, kwa hiyo tulikuwa tumejifunza kidogo kwa kukosea. Langoni tulitundika mitungi minne ya plastiki ya lita 20, ile ya manjano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Kila mmoja tuliutoboa kwa msumari wa moto tukaziba tundu kwa kijiti. Ukichomoa kijiti maji yanachirizika, ukikirudisha yanakoma. Sabuni ya mche tuliikata vipande, tukavitia ndani ya soksi kuukuu na kuifunga soksi kwa kamba kando ya mtungi, ili sabuni isidondoke mchangani na ili mtoto asugue mikono kwenye soksi yenyewe mpaka povu litoke. Mwalimu wa zamu alisimama hapo na kipimajoto. Mtoto alinawa, akahesabu hadi 20, akapimwa, akaingia.

Siku ya nne soksi mbili zilikuwa tupu. Siku ya sita zote nne.

Mwalimu mkuu alikasirika, na hakuwa amekosea kukasirika, maana pesa za ile sabuni tulizichanga kwa tabu. Aliamuru mabegi yapekuliwe. Kipande kilipatikana kwa msichana wa darasa la tano, kimefungwa kwa karatasi ya daftari, kingali na majimaji. Alipoulizwa anakipeleka wapi, alijibu akitazama miguu yake: "Kwa kukhu." Kwa bibi yake. Nyumbani hapakuwa na sabuni, na ni mwalimu huyo huyo aliyewaambia watoto gwarideni kwamba ugonjwa huu unawaua zaidi wazee.

Nilikuwapo. Nilimwona mwalimu mkuu akikigeuzageuza kile kipande mkononi kwa muda mrefu, halafu akamrudishia mtoto bila neno. Ijumaa iliyofuata kila mwanafunzi alikwenda nyumbani na kipande kidogo, si kikubwa kuliko kidole gumba. Tuliweza kufanya hivyo muhula mmoja tu, kisha fedha zikakatika. Bado naona ulikuwa uamuzi bora kuliko mengi tuliyoyaandika katika kumbukumbu za mikutano yetu. Sisi tulikuwa tukilinda lango. Yule mtoto alikuwa ameshang'amua kwamba kila jioni ugonjwa hupita langoni ukienda nyumbani, na kila asubuhi hurudi.

Tulilelewa na methali isemayo: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeitumia darasani mara nisizoweza kuhesabu. Sasa naitumia kwa tahadhari, kwa kuwa inamlaumu anayeficha na haiulizi ni nani aliyemfunza kuficha.

Mwaka 2020 tulifunzwa kuficha. Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi, na Jumapili ya tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba shule zifungwe. Hayo yalieleweka. Kilichofuata ndicho kilichotuharibu. Aliyeshukiwa kuwa na virusi alipelekwa karantini na kudaiwa gharama za kukaa huko, analipia kila siku anayozuiliwa, hata kama ni mtu aliyekuwa akijitafutia riziki ya siku. Aliyekamatwa nje saa za kafyu naye aliweza kutupwa karantini, ikawa kana kwamba karantini ni tawi la jela. Tulisikia habari za watu walioruka kuta wakatoroka. Mwezi wa Mei serikali ilisema kwamba itabeba gharama za wale walio katika vituo vya umma, lakini somo lilikuwa limeshaingia: ukijitokeza, utalipa. Jirani yangu mmoja aliyepoteza uwezo wa kunusa alikaa siku kumi akila chakula kisicho na harufu wala ladha, wala hakumwambia hata mkewe.

Huku kwetu fundisho hilo lilikuwa na sura ya ziada. Madereva wa masafa marefu walipimwa mpakani na kusubiri majibu, na foleni ya malori kutoka Malaba ikarudi nyuma makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Dereva aliyebeba mafuta na ngano ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, chakula na dawa za mamilioni ya watu, akageuka kuwa mtu wa kuogopwa. Wako waliokataliwa chumba cha kulala. Wako walionyimwa hata maji. Watoto wao waliporudi shuleni, jina la utani lilikuwa linawasubiri uwanjani. Tulipojaza upya fomu za wanafunzi mwaka 2021, mvulana mmoja niliyemfahamu tangu chekechea, ambaye baba yake huendesha lori hadi Kampala, aliulizwa kazi ya baba akasema: "Mkulima." Mwalimu aliandika alivyoambiwa. Baba yake hana hata shamba la mihogo.

Wazee wa huku hawakushangaa. Kwenye barabara hii hii, kilomita chache kabla ya kufika Busia, kuna Alupe. Ndiko kulikokuwa na kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki, na ndiko ilikokuwa maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliyopima sampuli za corona za madereva. Nilipokuwa mtoto, jina Alupe lilitajwa kwa sauti ya chini. Mtu aliyeota baka lisilohisi kitu mgongoni alivaa shati hata akilima juani, kwa sababu kuonekana kulimaanisha kuondoka. Ukoma una dawa, tena ukiwahi haukukati kidole. Waliochelewa walicheleweshwa na aibu zaidi ya umbali.

Sasa nifike kwa mpishi.

Alikuwa mama wa makamo, mjane, mpole, hodari wa kukoroga uji wa watoto mia tatu na ushei kwa mwiko unaofanana na kasia. Watoto walimwita Mama, bila jina lolote mbele au nyuma. Tulimlipa shilingi 200 kwa siku, kutokana na michango ya wazazi, na mapatano yalikuwa mafupi: siku aliyopika alilipwa, siku ambayo hakupika hakulipwa. Niliyaandika mwenyewe. Sikuona ubaya wowote. Ndivyo vibarua wanavyolipwa kila mahali hapa mpakani, kuanzia kuli wa kituo cha forodha hadi mwosha malori.

Mwezi wa Februari 2021 mwalimu wa zamu alizunguka nyuma ya jikoni akitafuta kuni akamkuta mama huyo amejikunja kando ya ukuta, leso ameikandamiza mdomoni kwa mikono miwili, anakohoa bila kutoa sauti. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kujua kuwa kikohozi kinaweza kumezwa hivyo. Alikuwa na siku tisa akifanya hivyo. Alikuwa amejipangia utaratibu: akisikia kinapanda huiacha sufuria, hutoka mlango wa nyuma, hukimaliza huko, hunawa, kisha hurudi kwenye mwiko.

"Mwalimu, tafadhali usiniseme," alimwambia. "Nikilala siku tatu, wanangu watalala njaa siku tatu."

Hakuna aliyempima, kwa hiyo sitadai kwamba ilikuwa corona. Alipata nafuu. Ila usiku ule niliposimuliwa sikupata usingizi. Tulikuwa na mitungi langoni, soksi za sabuni, kipimajoto, mabango ya rangi yaliyobandikwa kila ukuta. Na pale katikati ya shule, penye chungu wanachonywea watoto wote, tulikuwa tumemwajiri mtu na kumwekea sharti kwamba akiugua, asiseme. Hatukuliandika kwa maneno hayo. Tuliliandika kwa tarakimu, 200, na mimi nikatia sahihi.

Baada ya hapo nilianza kuwatazama wengine. Walimu wawili vijana walioajiriwa na bodi, si na Tume ya Huduma za Walimu, hawakuwa wamepata kitu kwa miezi mingi ya 2020 shule zilipofungwa. Mmoja alikuwa ameuza dagaa sokoni Busia na mwingine akaendesha pikipiki ya mjomba wake. Walirudi Januari na madeni. Nani angetarajia walale nyumbani kwa sababu ya koo linalowasha? Bawabu wetu alikuwa na miaka zaidi ya 60. Kila asubuhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupumuliwa na kila mtoto.

Kuna jambo moja la kaunti hii ya Busia ambalo dunia inalijua vizuri kuliko sisi wenyewe. Mwaka 1998, huku kusini mwa Busia, kuelekea Ziwa Victoria, ulianza mradi wa kuwapa watoto dawa za minyoo katika shule 75 za msingi zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule hazikuanza zote kwa pamoja. Ziligawanywa makundi matatu, kundi moja likatangulia na mengine yakafuata katika miaka iliyofuata, ili tofauti ionekane. Watafiti wawili, Michael Kremer na Edward Miguel, waliyafuatilia matokeo na kuyachapisha mwaka 2004. Kukosekana shuleni kulipungua kwa takriban robo. Wataalamu wengine waliirudia hesabu hiyo mwaka 2015, wakakuta makosa, na ubishi ukawa mkali, sitauingilia. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa njia hiyo ya kujaribu mambo mashinani kabla ya kuyahubiri.

Kwangu mimi, kitu cha kukumbukwa katika habari ile ni mtoto ambaye hakumeza dawa. Watafiti walisema kwamba hata watoto wasiopewa vidonge, waliokaa dawati moja na waliopewa, au waliosoma shule jirani, walipungukiwa na minyoo. Sababu si muujiza. Mayai ya minyoo hutoka kwa mtoto mmoja yakaingia udongoni, yakasubiri mguu au mkono wa mwingine. Ukimtibu wa kwanza, umemkinga wa pili, hata kama wa pili hutamwona kamwe. Sisi wa mpakani tumezoea kusikia kwamba ugonjwa huambukiza. Hapo Busia ilionyeshwa kwamba afya nayo huambukiza.

Kisha ikaja sehemu ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 2001 baadhi ya shule zile ziliambiwa kwamba sasa wazazi wachangie, ada ndogo tu kwa kila familia, kiasi ambacho ofisini kingeonekana si kitu. Pale dawa ilipokuwa bure, kama robo tatu ya watoto walimeza. Pale wazazi walipotakiwa kulipa, waliomeza hawakufika mmoja kati ya watano. Wazazi wale hawakuwa wajinga wala wakatili. Dawa iliyomsaidia mtoto wa jirani kwa sehemu kubwa ilikuwa inatozwa kwenye mfuko wa mzazi mmoja, na mzazi huyo alikuwa na unga wa kununua.

Nilipolitafakari hili nikamwona mpishi wangu. Siku tatu anazolala nyumbani zinawakinga watoto mia tatu, bibi zao na babu zao, abiria wa matatu watakazopanda, na watu ng'ambo ya mpaka. Faida ni yetu sote. Malipo yake, shilingi 600, tulikuwa tumemtwisha yeye peke yake, mwenye uwezo mdogo kuliko wote waliokaa katika kikao cha bodi. Halafu tungempata na virusi tungesema ni mzembe.

Nadhani hapo ndipo maadili ya shule yanapopimika wakati wa janga. Tuangalie kinga ile inawagusa akina nani, kisha tuangalie nani anailipia. Pale ambapo mnyonge ndiye analipa ili wengine wawe salama, mnyonge ataficha, na akificha hatumwonei huruma wala hatujitazami wenyewe.

Mpaka huu una namna ya kulifanya swali hilo kuwa gumu zaidi. Uganda ilifunga shule zake mwezi huo huo wa Machi 2020, ikarudisha baadhi ya madarasa kwa awamu, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Ilikuwa karibu miaka miwili, kipindi kirefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Watoto wetu walikuwa wamesharudi darasani mwaka mzima. Barabara moja, upande huu kengele inalia, upande ule binti wa miaka 14 anauza ndizi mbivu.

Kwa hiyo walivuka. Wengine walipitia kituo cha pamoja cha mpakani, wengine njia za panya katikati ya mashamba na kando ya mto, sare wamezifunika kwa sweta. Baadhi waliletwa na bodaboda, usafiri ambao jina lake lilizaliwa papa hapa, enzi za baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili huku waendeshaji wakiita abiria, boda, boda. Mzazi mmoja alisimama katika mkutano wetu na kusema kwamba watoto hao watatuletea ugonjwa, wafukuzwe. Alishangiliwa. Nilimfahamu, mkewe hununua nyanya kila siku mtaa wa Sofia, upande wa Uganda, na huzirudisha kwa kikapu cha kichwani. Sikumwaibisha mbele za watu. Nilimwuliza tu, ikiwa tutawafukuza, watoto wale watakwenda wapi na watacheza na nani jioni. Alijua kama nilivyojua: watacheza na wa kwetu. Tofauti pekee ni kwamba mtoto aliyeandikishwa ananawa langoni, anapimwa joto, na akiugua kuna mwalimu anayejua nyumbani kwao. Aliyefukuzwa hana wa kumwona. Tuliwaandikisha. Katika yote tuliyoyafanya miaka ile, hilo halinisumbui.

Wala nisidanganye kwamba kufunga shule ni kuwaweka watoto salama. Katika kaunti jirani ya Siaya watafiti waliwafuatilia wasichana wa shule za upili. Wale waliokaa nje miezi sita kwa sababu ya corona walikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kutorudi darasani. Hakuna haja ya kuwasimulia watu wa Busia na Malaba habari hiyo. Mji wa malori yaliyokwama wiki nzima, madereva wenye pesa kidogo na wasichana wasio na shule: kila mtu hapa anajua jina la mtoto mmoja angalau. Magonjwa ya kuambukiza si yote yanayoshambulia afya ya mwanafunzi. Ikibidi shule ifungwe, ifungwe, lakini anayefunga ajue kwamba ankara hiyo nayo ina mtu wa kuilipa, na mara nyingi ni msichana.

Ebola ilitukumbusha hivyo kwa ukali. Septemba 2022 ilitangazwa Mubende, aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Ilipofika Novemba ilikuwa imeingia shuleni, watoto wa shule wakafa, na serikali ya Uganda ikaamua kufunga muhula wiki mbili kabla ya wakati, tarehe 25 Novemba. Watoto wetu wanaosoma bweni huko walirudi kupitia Busia na Malaba, masanduku ya chuma juu ya matatu, wakapimwa joto wakaingia nyumbani. Wiki zile wazazi waliniuliza wafanye nini. Niliwaambia la kwanza ni kutomtisha mtoto. Mwambie kwamba akijisikia homa, hata saa nane za usiku, akuamshe na hatagombezwa. Mengine ni ya wauguzi na wizara, na huwa yanaanza pale mtoto anapokuamsha.

Mpox ilipotangazwa dharura ya kimataifa mwezi wa Agosti 2024, niliona mabango mapya yakibandikwa juu ya yale ya zamani ya corona pale kituo cha mpakani. Nilisimama nikayasoma yote. Yalisema vizuri dalili ni zipi na namba ya kupiga ni ipi. Nilitamani paongezwe mstari mmoja, unaomwambia msomaji kwamba akipiga namba hiyo hatapoteza kazi.

Sasa nirudi Februari 2021. Nilipeleka neno katika bodi. Lilikuwa dogo: wafanyakazi wasioajiriwa na serikali, yaani mpishi, bawabu na wale walimu wawili, wakiugua walipwe kama waliofika. Ubishi ulichukua karibu alasiri nzima. Mmoja alisema watu watajifanya wagonjwa. Mwingine alisema hatuna pesa, na alikuwa sahihi. Hesabu nilikuwa nayo mkononi. Aliyelimaliza jambo ni mama mmoja mzazi, muuza mboga, ambaye huwa hasemi. Alisema, "Wazee wangu, anayepikia watoto wangu simtaki aje mgonjwa kwa kuogopa mimi." Akatoa shilingi 50 akaziweka mezani. Tukakubaliana kila nyumba itoe 20 kwa muhula, na asiye nazo alete gorogoro moja ya mahindi. Mahindi hayo tungeyauza. Mwalimu mkuu naye akaahidi kwamba walimu watapokezana jikoni.

Juni mwaka huo wimbi jingine lilitufikia. Tarehe 18 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza masharti mapya kwa kaunti 13 za upande wa magharibi wa nchi, Busia ikiwamo, kafyu ikianza saa moja za jioni hadi saa kumi alfajiri. Shule hazikufungwa. Jumanne moja ya mwezi huo, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kijana mdogo wa yule mpishi alifika langoni akihema. Alinawa mikono kama alivyozoea, akahesabu hadi 20, kisha akamwambia bawabu: "Mama amesema hatakuja. Ana homa, na hasikii harufu ya moshi."

Alikaa nyumbani siku 14 na akalipwa siku 14. Sahihi ni yangu. Asubuhi ile uji ulipikwa na mwalimu wa zamu. Uliungua kidogo chini ya sufuria, na watoto wakaunywa.